Ukwaju Kiasi cha Limau

Tangu kiharusi kimpige mwezi wa pili, kila asubuhi Bi Varija aliwekwa jikoni kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, mto mgongoni, khanga kuukuu imefungwa kiunoni asije akateleza. Fikra hiyo ilikuwa ya mkaza mwana wake, Nayana. Daktari alisema mgonjwa asiachwe peke yake akitazama ukuta, na Nayana hakuwa na mahali pengine pa kukaa naye, maana siku yake nzima iliishia jikoni. Basi mama mkwe akakaa, mkaza mwana akapika, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa jiko lile likawa kimya.

Kwa waliomjua Bi Varija, ukimya huo ulikuwa jambo la ajabu kuliko ugonjwa wenyewe. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo. Hakuna chungu kilichoteremshwa motoni bila yeye kukitolea neno, na neno lenyewe lilikuwa la kukata. Dengu za Nayana zilikuwa maji ya kuoshea vyombo. Chapati zake zilikuwa ramani. Mtu aliyezaliwa Hubli, kwenye nchi kavu ya mtama, atajulia wapi nazi? Hayo aliyasema mbele ya wageni, akicheka, na wageni nao wakacheka kwa adabu. Sasa ulimi ulikuwa umelala kinywani kama kitu cha kuazima. Kilichotoka kilikuwa sauti moja tu, "a-a", iwe anataka maji, iwe anaumwa, iwe anamtukana mtu.

Mkono wa kulia ulining'inia. Na kilichomchosha zaidi ni kwamba kichwa chake kilikuwa hakimtii. Alipotaka kukataa kiliinama, alipotaka kukubali kilitikisika huku na huku. Tena si kila mara. Ingekuwa kila mara watu wangezoea, wakageuza maana. Lakini siku nyingine kilikwenda sawa, siku nyingine kinyume, na mwenyewe hakujua kitakwenda wapi mpaka kimeshakwenda.

Jumapili hiyo ilikuwa ya mwezi wa Shravana, mvua ikimwagika tangu alfajiri, siku ambayo wanawake walioolewa huuzunguka mrehani uani na kuwapelekea wakubwa vishada vya maua. Ilikuwa pia siku ya kuja Upendra, mtoto wa kwanza wa Bi Varija, na mkewe Sandhya. Walitoka jiji la Bengaluru, wakalala Udupi kwa ndugu zake Sandhya, na kabla ya adhuhuri wangefika. Walikuwa wanakuja kumchukua mama.

Jambo hilo lilianza kwa picha. Raghuvir, mumewe Nayana na mtoto wa pili wa Bi Varija, alimtumia kaka yake picha ya mama kitini, naye Sandhya akaitazama akasema mama amekwisha, hawamlishi vizuri. Huko kwao ghorofa ya tisa kulikuwa na chumba kitupu na muuguzi wa kukaa mchana kutwa. Raghuvir ni mtu mwema, ila tangu azaliwe hajapata kumwambia mtu hapana. Akasema kwenye simu kwamba kaka akionelea hivyo, basi ni hivyo. Bi Varija alikuwa kitandani chumba cha pili, akisikia. Ndipo akasikia simu inanyang'anywa.

"Mama haendi popote," alisema Nayana. "Hapa ndipo anapopajua. Njooni mumwone anavyokula, halafu ndiyo mseme."

Bi Varija alilia siku ile mpaka mto ukalowa. Hakuwa ametarajia neno kama lile kutoka kinywa kile. Bengaluru aliwahi kwenda mara moja, akakaa siku kumi, akazihesabu zote. Madirisha hayakufunguliwa, majirani hawakuonekana, na Sandhya alimwambia apumzike, apumzike, mpaka kupumzika kukamuumiza mgongo. Alijua kabisa kwamba akirudishwa kule sasa, bila ulimi, atakufa. Wala si ugonjwa utakaomuua. Atakufa kwa kukosa mtu wa kukasirikiana naye.

Kwa hiyo chakula cha siku hiyo hakikuwa chakula tu. Nayana alikuwa amekwisha kuamua apike nini, na alipomwambia mama mkwe wake Ijumaa, macho yalimng'aa. Angepika patrode.

Ukiwauliza watu wa pwani ile watakwambia kwamba mvua isiyo na patrode ni maji tu. Ni majani ya magimbi, makubwa, yanapakwa uji mzito wa mchele na nazi na pilipili, jani juu ya jani, yanakunjwa kama mkeka, yanapikwa kwa mvuke, kisha yanakatwa vipande vya duara na kumwagiwa mafuta ya nazi. Na ukiwauliza watu wa kijiji kile, kilomita chache kutoka Kundapura, nani mwenye mkono wa patrode, wote wangesema Varija. Kwa miaka arobaini hakuna mwingine aliyeipika katika nyumba ile. Upendra alipokuwa chuoni alikuwa akisafiri usiku kucha kwa basi kuja kula vipande kumi na kurudi.

Sasa Bi Varija alikaa kitini akiyatazama majani, na hakuyapenda.

Raghuvir ndiye aliyeyachuma, kando ya kijito nyuma ya nyumba, akayaleta kwa fahari. Yalikuwa mazuri kuyatazama, mapana, yenye shina la kijani. Lakini miaka yote Bi Varija alitumia magimbi yanayoota juu ya magome ya miti mikubwa wakati wa mvua, majani madogo na laini, na mwaka huu hakukuwa na mtu wa kumtuma apande miti kuyachuma. Yale ya kijitoni aliyatumia mara chache, mvua zilipochelewa. Aliyejaribu kula magimbi yasiyoiva anajua ninachokisema. Yana muwasho. Unakula, unasifu, halafu baada ya muda koo linaanza kukuwasha kama umemeza manyoya, ulimi unavimba, na maji unayoyanywa ndiyo yanauzidisha. Dawa yake ni moja, ukwaju, na kwa majani ya kijitoni unahitaji ukwaju mwingi, bonge la kujaa ngumi, tena ule mweusi wa zamani.

Hapo ndipo palipokuwa na dhambi ya Bi Varija.

Nayana alipoingia nyumba ile akiwa na miaka ishirini na miwili, mvua za kwanza tu aliuliza ukwaju unatiwa kiasi gani. Bi Varija akamjibu kiasi cha limau dogo. Haukuwa uongo. Kwa majani ya juu ya miti, limau dogo linatosha. Ya kijitoni hakuyataja, na mwaka ule wala miaka iliyofuata hakuwahi kuyataja. Na ili asije akaonekana anapokoleza, kila mwaka ulipofika wakati wa kutia ukwaju kwenye mashine ya kusagia, alimwambia Nayana aende akaangalie kama nguo zimekauka. Katikati ya mvua za Shravana! Nayana alikwenda. Alisimama barazani kati ya masari yanayochuruzika maji, akasubiri kiasi cha heshima, akarudi na kusema bado. Wote wawili walijua kwamba nguo hazijakauka na hazitakauka mpaka Septemba.

Kwa nini alifanya hivyo? Bi Varija mwenyewe alijiuliza mara nyingi tangu alazwe kitandani, ambako mtu hana kazi nyingine ila kujiuliza. Alikuwa na wivu, basi. Aliona mwanamke akishatoa siri zake zote za jikoni anabaki mzee wa kulishwa kwa kijiko. Akaifungia siri yake moyoni, na kijiko kikaja vilevile.

Asubuhi hiyo Nayana alikuwa ameoga, nywele mbichi amezifunga kwa kitambaa, sari safi ameipandisha kiunoni. Alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi tatu. Mchele ulikuwa umelowekwa tangu jana. Akakaanga pilipili kavu na giligilani, akavunja mvuje kidogo, jikoni pakanukia vizuri mpaka Bi Varija akameza mate. Kila kitu alikifanya sawa. Aligeuza majani mgongo juu, akanyoa ule mshipa mnene wa katikati kwa kisu kidogo bila kulichana hata jani moja, na Bi Varija akaona, kwa mshangao wa mtu anayeona kitu kilichokuwa mbele yake siku zote, kwamba mikono ile inafanana na yake. Miaka kumi na tisa mtoto wa watu alikuwa akimtazama na kujifunza, akitukanwa.

Kisha Nayana akafungua gudulia la ukwaju. Akachota, akaviringisha, akaja nao mpaka kwenye kiti, akaushika mbele ya macho ya mama mkwe wake.

"Kiasi cha limau, mama. Kama ulivyonifundisha."

Bi Varija alijua kuwa hautoshi. Akatoa sauti. Akainua mkono wa kushoto akanyoosha kidole kuelekea gudulia. Nayana akaligeukia, akamgeukia yeye, akauliza kama anataka maji. Akamletea maji. Bi Varija akayasukuma. Akamuuliza kama anataka kwenda msalani, kama mto umemteremka, kama mvua inamtia baridi. Alikuwa na subira ya ajabu, na kila swali la upole lilimkaba Bi Varija zaidi, maana kidole bado kilikuwa pale pale, kinaelekea gudulia.

"Ukwaju?" Nayana akasema mwishowe. "Unasema habari ya ukwaju?"

Kichwa kikainama. Ndiyo. Hapo kilikwenda sawa, na Bi Varija akapata tumaini kubwa.

"Nimezidisha?"

Hapana. Hapana, hapana. Alikusanya nguvu zote zilizobaki mwilini ili akitikise kichwa, na kichwa kikainama tena, taratibu, mara mbili, kwa adabu kabisa.

Nayana akatabasamu kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu mkali. Alimega theluthi ya lile donge, akairudisha kwenye gudulia, akafunika. Alisema alijua tu, ndiyo maana patrode ya mama haikuwa chachu kama ya watu wengine, kumbe siri ni kupunguza. Akamshukuru. Alisema pia, huku akiloweka kile kidogo kilichobaki kwenye maji ya moto, kwamba leo ni mara ya kwanza hakutumwa kwenda kuangalia nguo. Alilisema kwa mzaha, bila kinyongo.

Bi Varija akashikwa na hasira, na hakuwa na wa kumkasirikia ila mwili wake mwenyewe. Akaupiga mkono wa kushoto kwenye meza. Bakuli la chuma likaanguka, likazunguka sakafuni kwa kelele, na nazi iliyokunwa ikatapakaa. Nayana akasimama akiitazama. Uso wake ukajifunga, ule uso wa miaka kumi na tisa ambao Bi Varija aliujua vizuri kuliko wa wanawe.

"Mama, nikikosea nivumilie," alisema. "Leo tu."

Akazoa nazi, akaitupa, akakuna nyingine. Halafu akakishika kiti kwa nyuma, akakiburuta mpaka mlangoni, mbali na meza, mkono usifike tena. Kutoka pale Bi Varija aliona majani yakipakwa uji na kupangwa, moja juu ya jingine, yakakunjwa, yakaingia kwenye chombo cha mvuke, na mfuniko ukawekwa.

Alibaki na tumaini moja. Siku za kawaida Nayana huonja. Angekata kipande cha kwanza akakitia kinywani, na muwasho ungempata yeye, kwa siri, kabla ya wageni. Lakini chakula cha siku ya ibada hakionjwi mpaka mungu wa nyumbani awekewe sahani yake kwanza, na baada ya mungu anapewa mkubwa wa nyumba. Nani aliyemfunza Nayana jambo hilo? Shravana yake ya kwanza alijisahau akaramba kijiko, na Bi Varija akaimwaga sufuria nzima uani, akamtuma akaoge upya, akaanza moja. Tangu hapo Nayana hakuonja tena. Angeonja leo, siku kama ya leo?

Wageni walifika mvua ikiwa imepungua. Upendra alikuwa amenenepa. Alikaa karibu na mama yake, akaushika ule mkono usiohisi, akazungumza naye kwa sauti ya juu kana kwamba kilichoharibika ni masikio. Sandhya hakuwa mtu mbaya, nalisema kwa sababu katika kijiji kile wengine walimwona hivyo. Alileta magauni laini ya kulalia na mafuta ya kuzuia vidonda vya mgongo. Aliuliza mama anageuzwa mara ngapi usiku. Aliitazama khanga iliyofungwa kiunoni, akakitazama kiti cha plastiki mlangoni. Akasema tu kwamba chumba kimeshapakwa rangi.

Nayana akauzunguka mrehani na kishada chake cha maua, kisha akaja akainama mpaka kipaji cha uso kikagusa miguu ya mama mkwe wake. Mkaza mwana hupewa baraka kichwani, na mkono wa kubarikia haukufika wenyewe, kwa hiyo Nayana aliushika ule wa kushoto akaupandisha juu ya nywele zake. Bi Varija aliubana pale. Aliubana kwa nguvu, kwa muda mrefu kupita desturi, mpaka Nayana akainua macho kumtazama. Yalikuwa macho yenye huruma, na hayakuelewa kitu.

Majani ya mgomba yakatandikwa ya kulia chakula. Wali, dengu zenye mvuje, achari ya embe, vitumbua vitamu vilivyopikwa ndani ya majani ya mmea wa manjano, na katikati patrode, vipande vya duara vinavyong'aa kwa mafuta. Mungu akawekewa sahani yake, wakasubiri, ikaondolewa. Nayana akaleta sahani ya kwanza kwenye kiti. Akamega kipande, akakipuliza, akakileta upande wa kushoto wa kinywa, ule unaotafuna. Wote wakatazama. Ndiyo waliyoyafuata safari nzima, kumwona mama akila.

Harufu ilikuwa ile ile yake. Bi Varija akafikiri upesi kuliko alivyowahi kufikiri tangu augue. Akikitema, watasema hawezi kula katika nyumba hii, na Nayana ataaibika, na gari liko nje. Akikila, nao watakula. Lakini pengine mvuke umekaa muda mrefu. Pengine majani ya mwaka huu si makali. Watu wengine hawawashwi sana. Akafungua kinywa.

Kilikuwa kitamu, na hilo lilimuuma. Chumvi sawa, pilipili sawa, kimeiva kikashikana. Alimeza. Muwasho ulikuja taratibu, kwanza pembeni mwa ulimi, kisha ukashuka kooni na kukaa. Akajikaza. Akafungua kinywa apewe kingine.

"Anakula," alisema Upendra.

Alikula cha pili. Koo lilikuwa linawaka. Akafungua kinywa tena, na Nayana, akicheka kwa furaha, akampa cha tatu. Machozi yakaanza kumtiririka Bi Varija, hakuweza kuyazuia, na Upendra alipoyaona akatoa kitambaa akafuta macho yake mwenyewe. Akasema mama analia kwa furaha, anakumbuka mikono yake. Hata Sandhya alilainika. Alisema kwa kweli hakutarajia, kule kwenye picha alionekana vingine. Pengine waliharakisha, pengine jambo hili lingojee mpaka sikukuu ya Diwali. Raghuvir akashusha pumzi. Nayana aligeuka kuelekea jikoni na kujifuta uso kwa pindo la sari.

Ndipo wakakaa kula.

Upendra alikula vipande sita kabla hajanyanyua kichwa. Sandhya alikuwa wa kwanza kukohoa. Aliomba maji, akanywa, akakohoa zaidi. Akashika koo. Upendra naye akaacha kutafuna, akajipitisha ulimi kwenye midomo, akakunja uso. Raghuvir akakimbilia mtindi na sukari guru. Midomo ya Sandhya ilikuwa imeanza kuvimba, macho yamemtoka kwa hofu, na alipopata sauti hakuilalamikia hali yake. Aliinuka akaenda kwenye kiti, akakishika kidevu cha mama mkwe wake, akakifungua kinywa. Ulimi ulikuwa mwekundu, umetuna.

"Vipande vitatu," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tulikaa hapa tukamtazama analia, tukasema furaha. Sisi tunaweza kusema tunawashwa. Yeye je?"

Upendra alikuwa ameinamia mtindi. Raghuvir alimtazama mkewe kama kawaida yake, akingoja asemewe.

Nayana alichukua kipande kutoka kwenye jani la Upendra, akakitia kinywani, akatafuna, akameza. Alisimama pale pale, mkono kiunoni, akisubiri. Bi Varija alimwona alipofikiwa na muwasho. Kwanza alishangaa. Kisha akaanza kukumbuka, moja baada ya jingine, na uso wake ukabadilika polepole, na Bi Varija akajua anakumbuka nini, akajua kila hatua itamfikisha wapi, na hakuwa na namna ya kumzuia njiani.

"Nilikuuliza," alisema Nayana. Hakupaza sauti. "Nilikuja mpaka kwenye kiti nikakuonyesha. Nikakuuliza nimezidisha, ukaitikia."

Bi Varija alitoa sauti yake.

"Ukanitazama napunguza. Halafu ukala, ukaomba tena, ili nao wale. Miaka kumi na tisa, mama. Mimi nilidhani imekwisha. Nilidhani tangu uugue tumekuwa watu."

Yote aliyotaka kuyasema Bi Varija yalikuwa tayari, yamepangika. Kwamba kichwa kimemsaliti. Kwamba ni ngumi nzima, mwanangu, ngumi, kwa majani ya kijitoni, na alipaswa kumwambia mwaka ule wa kwanza. Kwamba amekula kwa ajili yake. Aliyasukuma kwa nguvu zote, na kinywa, ambacho tangu kiharusi kilikuwa kimevutika upande mmoja, kikavutika zaidi kwa kule kujitahidi, kikapanda juu pembeni. Mtu asiyejua angesema mama anatabasamu.

Nayana alimtazama kidogo. Halafu akamgeukia Upendra.

"Mchukueni, kaka. Nimeshindwa."

Raghuvir alianza kuliita jina la mkewe lakini hakuendelea. Upendra alisema wasikate shauri kwa hasira, ingawa alilisema akitazama saa. Sandhya hakuonekana ameshinda kitu. Alikaa akijipangusa midomo, amechoka. Walikubaliana kwamba kama ni kuondoka, heri waondoke mapema kabla mvua haijarudi.

Nayana alifunga mizigo peke yake. Alikunja masari sita, akaweka dawa za asubuhi mfuko mmoja na za jioni mfuko mwingine, akaandika juu ya kila mfuko. Alimwosha mama mkwe wake kinywa kwa mtindi, akamchana nywele, akazisuka, akambadilisha nguo, yote kwa mikono ileile ya siku zote, haikuwa na ukali. Ila hakusema naye. Kila asubuhi tangu kiharusi alikuwa akimsemesha anapomchana, habari za majirani, bei ya nazi, nani kaposwa. Leo kitana kilipita kimya kimya.

Gari lilisogezwa mpaka barazani. Upendra na Raghuvir wakamwinua mama wakamkalisha kiti cha nyuma, mto huku, mto kule. Nayana alisimama mlangoni mwa gari akimweleza Sandhya, kwa utaratibu, bila kumtazama aliyekuwa akisemwa. Alishwe upande wa kushoto. Chai isiwe ya moto, hahisi akiungua. Usiku akigumia mara mbili ni mguu, ukinyooshwa ananyamaza. Maji apewe kwa kijiko, si kwa kikombe. Taa ya msalani iachwe inawaka, anaogopa giza ingawa hajawahi kukubali. Sandhya akasema atakumbuka, na akauliza kuhusu kichwa, hivi akiinamisha ni ndiyo?

"Mimi nilidhani ni ndiyo," alisema Nayana.

Akainama ndani ya gari kurekebisha sari iliyokuwa imejikunja chini ya mgonjwa. Hapo mkono wa kushoto wa Bi Varija ulimshika. Ulilikamata pindo la sari yake, ukalizungusha, ukashikilia, na mkono huo, wenye kazi ya mikono miwili sasa, ulikuwa na nguvu. Upendra aliwasha gari. Nayana alisubiri. Alipoona hauachii, alikaa ukingoni mwa kiti, akavifungua vidole kimoja kimoja, taratibu, asije akamuumiza.